Ubatizo wa Siku ya Fainali

Mwezi wa sita, mtoto wetu Dervla akiwa na wiki mbili, nilimuuliza mume wangu tumbatize lini. Enda alikuwa amekaa jikoni, mguu juu ya kiti, mfuko wa njegere zilizogandishwa umewekwa juu ya goti. Goti hilo limekula njegere nyingi kuliko sisi wote nyumbani.

"Chagua Jumapili yoyote ya Oktoba," alisema. "Shangazi yako wa Boston atakuwa amefika, na majani ya ng'ombe yameshafungwa."

"Na mpira?"

"Mpira gani, Oktoba? Sisi timu ya Drumcora tutakuwa tumetolewa mwezi wa nane. Kama kawaida."

Alisema bila uchungu wowote, kama mtu anayesema mvua itanyesha. Watu wa Drumcora hupanga harusi na safari na hata kung'olewa meno kwa hesabu hiyo hiyo. Kupanga mambo yako kana kwamba timu itafika mbali ni kuitafutia mkosi. Kuna kocha mmoja aliwahi kusogeza harusi ya binti yake ili isigongane na nusu fainali, na mwaka huo walitolewa raundi ya kwanza. Hakusamehewa mpaka anazikwa. Basi nikampigia simu Padri Mulvey, akaniandikia Jumapili ya tatu ya Oktoba, saa saba mchana. Shangazi Philomena akakata tiketi ya ndege.

Mwaka huo Drumcora wakaanza kushinda.

Ubingwa wa kaunti wa daraja la pili si jambo ambalo magazeti ya Dublin yanalihangaikia. Daraja la kwanza ni la klabu za mjini, zenye taa uwanjani na daktari wao wenyewe. La tatu ni la vijiji ambavyo vinashukuru tu kupata watu wa kutosha kuvaa jezi. La pili ni letu sisi wa katikati, tunaojiona tunastahili kuwa juu na usiku hatulali kwa kuogopa kwenda chini. Anayechukua kombe anapanda. Drumcora hawajapanda tangu baba yake Enda awe kijana mwenye nywele.

Ningefurahi kama mke yeyote, ila kulikuwa na jambo moja. Sisi tunakaa Kilsallow.

Kilsallow ni kwetu mimi. Nyumba yetu imejengwa pembeni mwa shamba ambalo mama alinipa, kwa sababu huku kibali cha kujenga hupewi kirahisi isipokuwa kwenye ardhi ya kwenu. Drumcora kwao Enda ni kule mlimani, mwendo mfupi tu kwa gari. Na sheria ya mpira wa Kigaeli, huu wetu wa Ireland unaochezwa kwa mikono na miguu, inajulikana na kila mtoto: unachezea parokia uliyozaliwa, lakini ukihama unaruhusiwa kuhamia klabu ya pale unapolala. Kilsallow yote ilijua Enda atahamia kwetu. Kaka yangu Malachy, beki wetu wa kati anayevaa namba tatu, alikuwa na hakika kiasi kwamba siku tulipomaliza kuezeka alikuja na jezi mpya ya bluu na nyeupe, akaitundika kwenye mlango ambao haujapakwa rangi.

Enda aliikunja vizuri, akamrudishia.

"Asante sana, shemeji. Lakini mimi ni wa Drumcora."

Hawakugombana. Huku kwetu watu hawagombani, wanaacha tu kuingia ndani. Tangu siku hiyo Malachy akituletea viazi aliviacha getini, akapiga honi, akaondoka. Mama ndiye aliyeniambia maneno yake: "Anachukua shamba, anachukua dada, analala kwetu, halafu Jumapili anapanda mlima kwenda kujipanga kutufunga."

Baba yetu alifariki nikiwa bado shule. Malachy ndiye aliyenifundisha kuendesha gari, na ndiye aliyenishika mkono kunipeleka altareni siku ya harusi. Sikuwahi kufikiria mtu mwingine wa kuwa baba wa ubatizo wa Dervla. Nilijiambia kwamba mpaka Oktoba hasira zitakuwa zimepoa, kwamba mbele ya mtoto watu huwa laini.

Halafu Kilsallow nao, walioshuka kutoka daraja la kwanza mwaka uliopita na ambao hata mama yangu alikuwa amewakatia tamaa, wakashinda nusu fainali yao Jumamosi. Drumcora wakashinda ya kwao Jumapili. Nilisikia redioni nikiwa nabadilisha nepi. Mtangazaji akasema fainali ni Jumapili ya tatu ya Oktoba, saa tisa alasiri. Nikabaki nimeshika pini ya nepi kama mshumaa.

Enda aliporudi, jirani zake wa mlimani walikuwa bado wanapiga honi barabarani. Aliniangalia usoni.

"Kuna nini?"

"Angalia kalenda."

Aliangalia. Akakaa chini taratibu.

"Nani alijua?" akasema.

*

Padri Mulvey ana makanisa manne siku hizi, maana mapadri wenyewe wameisha. Anaendesha gari kama mtu wa posta. Nilimkuta anakula mkate wake kwa haraka, akiwa amesimama.

"Siku siwezi kubadilisha, Riona. Jumapili nyingine iliyo wazi ni baada ya Krismasi, na shangazi yako atalazimika kukata tiketi ya pili. Saa naweza kubadilisha."

"Iwe saa ngapi?"

"Mpira unaanza saa tisa. Kumi na nusu umekwisha. Wape nafasi ya kuoga. Njoo saa kumi na mbili jioni."

"Na wakienda muda wa nyongeza?"

"Basi wasioge."

"Na yule aliyefungwa, Padri? Kama hatakuja?"

Alifuta miwani yake kwa ncha ya sweta.

"Hilo halimo kwenye vitabu vyangu," alisema.

Malachy nilimkuta kwenye banda la kukamulia. Mashine zilikuwa zinanguruma, yeye yuko katikati ya ng'ombe, naona kofia tu.

"Dada, umekanyaga mavi."

"Nimeshakanyaga mengi. Jumapili, saa kumi na mbili jioni, kanisani. Baba wa ubatizo ni wewe."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Na yule mtu wako?"

"Yeye ni baba mtu. Nimeuliza kama anaweza kuachwa, wamesema hapana."

Nilitegemea acheke. Alihamisha mashine kutoka kwa ng'ombe mmoja hadi mwingine, akampiga yule wa kwanza kofi la mgongoni atoke.

"Tukishinda nitakuja naimba," alisema. "Tukifungwa, Riona, usinisubiri. Nakwambia mapema ili usije ukaaibika. Siwezi kutoka uwanjani nimefungwa na yeye, nikasimame karibu yake mbele ya wale watu wa mlimani wanachekelea, padri ananiuliza mambo, najibu ndiyo, ndiyo."

"Kwa hiyo mwanangu ana mjomba Kilsallow ikishinda tu."

"Usiliweke hivyo."

"Liweke wewe basi."

Aliinamia ng'ombe aliyefuata, na mimi nikarudi nyumbani na viatu vyangu.

Sasa nifanyeje? Niwaombee Kilsallow, kaka aje, mume wangu akae kanisani kama gunia la mbolea? Enda ana miaka thelathini na tano. Hajawahi kuinua kombe lolote zaidi ya kikombe cha chai, na daktari ameshamwambia hilo goti halitauona msimu mwingine. Niwaombee Drumcora, basi mahali pa kaka yangu pabaki wazi kwenye picha ya mwanangu maisha yake yote? Usiku nilipiga magoti kando ya kitanda. Nikamwambia Mungu anajua mwenyewe.

Jambo moja nililimudu, nalo ni kumuuliza Enda kwa nini, hasa.

"Tuko kumi na sita," alisema.

"Kumi na sita nini?"

"Wachezaji. Wazima. Watatu wameenda Sydney, wawili Toronto. Uwanjani wanatakiwa kumi na watano. Ningeondoka mimi, halafu mmoja avunjike kidole, klabu ingeunganishwa na wale wa ng'ambo ya ziwa. Drumcora ingebaki jina la mnada wa kondoo."

"Mbona kwenye benchi kila mara kuna watu saba?"

"Mmoja ni mwalimu mkuu. Yule mwenye kofia anaendesha basi la shule, ana miaka hamsini na mbili. Tunawavisha traksuti wakae, wapinzani waone benchi limejaa."

Nilicheka mpaka Dervla akaamka.

"Mwambie Malachy."

"Nimwambie beki wa Kilsallow kwamba hatuna watu? Wiki ya fainali?"

"Na mimi nisimwambie?"

"Riona," alisema, na alikuwa ananiomba kweli, "kaa kimya mpaka Jumapili."

Nikakaa kimya. Nataka ieleweke ilinigharimu.

Wiki hiyo barabara yetu yote ilivaa bluu na nyeupe, kutoka duka la Concannon mpaka kwenye shule. Nyumba yetu peke yake ilikuwa na bendera mbili, ya bluu na nyeupe upande wa chumba cha mama mtu, ya nyeusi na njano upande wa baba mtu. Alhamisi asubuhi tulikuta kondoo dume amefungwa kwenye geti letu, amepakwa rangi ya bluu mwili mzima, ana sura ya mtu aliyeonewa. Enda alimtazama kwa muda.

"Wamempaka vizuri," alisema. "Hata masikio." Akampa maji.

*

Uwanjani nilikaa katikati. Kulia kwangu mama yangu na skafu ya bluu, kushoto Mama Concepta, mama yake Enda, amevaa nyeusi na njano mpaka soksi. Dervla nilimvalisha nyekundu, ili mtu asiseme. Shangazi Philomena alikaa nyuma yetu na chupa ya chai, anauliza kila mara nani ni nani.

"Mwambie mama mkwe wako," mama alisema, "kwamba mwanawe anachechemea hata kabla mpira haujaanza."

"Mwambie mama yako," Mama Concepta alijibu akitazama mbele, "kwamba anachechemea ili vijana wa Kilsallow wasijisikie vibaya."

"Mnasikilizana vizuri tu," nikasema. "Mimi si simu."

Enda alisimama mbele kabisa, namba kumi na nne, na Malachy akaja kusimama nyuma yake, karibu kama shati. Walisalimiana kwa mabega. Mwamuzi akarusha mpira juu, watu wakausahau ubatizo, na mimi nikabaki naukumbuka peke yangu.

Nusu ya kwanza Kilsallow walituchezesha. Nasema "walituchezesha" kisha nakumbuka kwamba Kilsallow ni sisi pia. Siku nzima nilikuwa hivyo. Kila mpira uliorushwa kwa Enda, mkono wa Malachy ulifika kwanza. Mara moja Enda aliudaka, akageuka, na kabla hajapiga hatua ya pili mpira ulikuwa umeshapigwa ngumi kutoka mikononi mwake na kijana wa bluu anakimbia nao upande mwingine. Mama alinipiga goti kwa furaha, kisha akakumbuka ni goti la nani.

"Samahani, mwanangu. Lakini umeona?"

Nusu ya pili Kilsallow wakapata goli, mpira umeingia wavuni kabisa, pointi tatu kwa mpigo. Mama Concepta alitoa rozari. Lakini Drumcora ni watu wa mlimani, wamezoea kusukuma vitu kupandisha. Pointi moja, kisha nyingine, mpira unapita juu ya mwamba katikati ya nguzo, na yule mzee mwenye koti jeupe nyuma ya goli anainua bendera yake nyeupe. Nyingi zilikuwa za Enda, kwa mipira ya adhabu. Kila alipopiga alibaki amesimama kwa mguu mmoja kidogo, kama korongo. Kwenye benchi lao nilimwona yule mmoja wa kweli akiingia, kisha mwalimu mkuu akaanza kujinyoosha kwa hofu.

Mwishoni kabisa, Kilsallow wakiongoza kwa pointi moja, ubao ukionyesha muda umekwisha, mpira mrefu ulidondoka mbele ya goli. Enda aliruka. Sijui aliruka na goti gani. Aliudaka, akatua, akageuka upande ambao Malachy hakuutegemea, na mbele yake kulikuwa na kipa tu. Malachy akamshika jezi. Hakuivuta kidogo, aliikamata kwa mikono miwili kama mtu anayevuta ndama kutoka shimoni. Wote wawili wakaanguka.

Filimbi.

Uwanja mzima ulijua maana yake. Adhabu ile ilikuwa karibu na goli, katikati; Enda angeipiga na njegere zake gotini ikaingia. Pointi moja, sare, muda wa nyongeza. Lakini siku hizi kuna ule mstari wa tao, mita arobaini kutoka golini. Ukipiga kutoka nje yake na mpira ukapita juu ya mwamba unapewa pointi mbili, na bendera ya rangi ya chungwa. Na ukipewa adhabu ndani ya tao, una ruhusa ya kuubeba mpira mpaka nje ukapige kutoka huko. Ukikosa, umekosa.

"Piga hapo hapo!" kocha wa Drumcora alikuwa anapiga kelele, anaruka mstarini. "Hapo hapo, Enda!"

Enda alichukua mpira, akaufuta kwa jezi. Akatazama benchi lake. Kisha akaanza kutembea kurudi nyuma, kuelekea kwenye tao, na jukwaa zima likatoa pumzi moja ndefu.

"Nimemzaa mwenyewe," Mama Concepta alisema, skafu iko usoni, "lakini huyu ni mjinga."

"Anataka kumaliza," mama yangu alisema polepole. Akanishika mkono. Nadhani na yeye hapo hakujua tena aombe nini.

Upepo ulikuwa unatoka kushoto, kutoka ziwani. Enda aliweka mpira chini, akarudi hatua chache, akasimama sana. Malachy alikuwa amesimama chini ya mwamba, mikono juu, miguu imezama kwenye matope. Kutoka nilipokuwa nilikuwa naona uso wa kaka yangu na mgongo wa mume wangu. Dervla alikuwa anatafuna ncha ya skafu ya bibi yake.

Akapiga. Mpira ulikwenda kulia mno, watu wa bluu wakaanza kusimama, halafu upepo ukaurudisha kidogo, kidogo tena. Yule mzee mwenye koti jeupe alimtazama mwenzake wa nguzo ya pili. Mwenzake akatikisa kichwa kuwa ndiyo. Mzee akainama, akaacha bendera nyeupe pale ilipo, akainua ile ya rangi ya chungwa.

*

Huku mechi ikiisha watu wote huingia uwanjani. Hata mabibi wenye magongo. Mlima wote ulimwagika kwenye majani. Enda alibebwa juu juu, simwoni, naona soksi tu.

Nilishuka na Dervla kifuani.

"Mumeo yuko kule," mama alisema, ananionyesha.

"Najua aliko."

Malachy alikuwa amekaa chini kando ya nguzo ya goli, kichwa katikati ya magoti. Wenzake walikuwa wameshajitahidi kumsemesha na kumwacha. Nilisimama mbele yake.

"Usinisemeshe," alisema bila kuinua kichwa.

"Sijaja kukusemesha. Mshike huyu, mkono wangu umekufa ganzi."

Ilikuwa kweli. Nilimweka mapajani pake kabla hajakataa, na mtu hawezi kumwacha mtoto aanguke eti kwa sababu ya daraja la pili. Alimshika kwa mikono yake yenye matope, mbali kidogo na kifua kama mtu aliyepewa bomu. Kisha akamsogeza karibu.

"Mzito."

"Viazi vyako. Mimi nakula, yeye ananyonya."

Nilikaa chini pia. Tukawa tunatazama watu wakipita.

"Nilimshika jezi," alisema.

"Kaunti yote imeona."

"Nisingemshika angefunga goli."

"Angefunga. Ulifanya sawasawa."

"Halafu naye akaenda kuupigia kutoka kule." Akatikisa kichwa. "Mwendawazimu."

Hapo Enda akatokea. Alikuwa na kombe chini ya kwapa, limefungwa riboni nyeusi na njano, na kundi la watu nyuma yake wanamwita kwa ajili ya picha. Alituona. Akawaambia wamngoje, akaja akichechemea, akaweka kombe kwenye majani, akashuka chini kwa hatua tatu kama ngamia mgonjwa. Tukawa tumekaa hapo sote, mimi katikati tena.

Halafu Malachy, akimwambia mtoto zaidi kuliko Enda, akasema, "Kwa nini hukupiga pale pale? Ilikuwa pointi ya bure."

"Twende muda wa nyongeza na nani? Akiba yetu ni mmoja tu, na alikuwa ameshaingia. Aliyefuata ni mwalimu mkuu."

"Mwalimu mkuu yupi?"

"Yule namba ishirini. Na dereva wa basi. Tuko kumi na sita, Malachy. Mwaka mzima tuko kumi na sita."

Malachy aligeuka kumtazama kwa mara ya kwanza. Aliangalia upande wa benchi la Drumcora, ambako mzee mmoja aliyevaa traksuti alikuwa analia kwenye kofia yake.

"Sisi tulipanga mkakati kwa ajili ya benchi lenu," alisema. "Mazoezi mawili mazima."

"Nilisikia. Nilifurahi sana."

"Hukuniambia."

"Ningekwambia wewe?"

Malachy alifikiri. "Hapana," alisema. Kisha, taratibu: "Nilidhani jezi yetu umeidharau."

"Ilikuwa jezi nzuri. Ningeivaa, ya kwetu isingekuwepo tena."

Dervla alipiga chafya. Wote wawili walimtazama kwa hofu, kama vile mwamuzi amepuliza tena. Enda akavuta kombe karibu.

"Nataka nimpige picha humu ndani," alisema. "Kama hutajali."

Kila mtoto mchanga wa huku aliyewahi kuwa karibu na kombe ametiwa ndani yake, hilo linajulikana. Lakini Malachy alimkumbatia zaidi.

"Mtoto wa Kilsallow, ndani ya kombe la Drumcora?"

"Wa Kilsallow ndiyo. Anakaa kwenu, atasoma kwenu, atachezea kwenu. Atakuwa ananifunga nikiwa jukwaani na fimbo, na wewe ndiye utakayemfundisha. Sibishani na hilo." Sauti yake ilikuwa imekwisha kwa kelele. "Naomba leo tu, shemeji. Mpaka jioni."

Kaka yangu alitazama lile kombe kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono, akaifungua riboni ya mkono mmoja wa kombe, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye soksi ya Enda. Ya upande wa pili akaiacha. Akamshusha Dervla ndani mwenyewe, polepole, anamshikilia kichwa kwa kiganja, na picha ile tunayo: mtoto mwenye nguo nyekundu na matope usoni, na mkono wa bluu unaoonekana mpaka kiwiko.

"Saa kumi na mbili," nilisema.

"Nimejaa matope."

"Padri amesema si lazima kuoga."

Sikumuuliza tena. Nilikuwa nimeshauliza vya kutosha mwaka ule.

*

Saa kumi na mbili kasorobo kanisa lilikuwa limejaa upande mmoja. Watu wa mlimani walikuwa wamekuja wote, mwalimu mkuu bado na traksuti yake. Kombe liliachwa kwenye meza ya majarida mlangoni, kwa sababu Padri Mulvey alikataa lisogee zaidi ya hapo. Upande wa Kilsallow alikaa mama, na shangazi, na viti vitupu. Enda alikuwa anageuka kila mlango ulipolia. Mimi sikugeuka. Nilikuwa namfunga Dervla vifungo vya gauni ambalo nilibatiziwa mimi, na Malachy kabla yangu.

Kisha nikasikia viatu, vingi. Malachy aliingia nywele zinadondosha maji, suti imevaliwa kwa haraka, na nyuma yake nusu ya timu ya Kilsallow, wamenuna kama watu waliokuja msibani, wakajipanga kwenye viti vitupu. Nahodha wao alimpungia Enda kidole kimoja. Ilitosha.

Malachy alikuja mpaka kwenye kisima cha ubatizo, akasimama kando ya Enda, bega kwa bega kama walivyosimama alasiri, ila safari hii hakuna aliyemsukuma mwenzake. Nilimpa mtoto. Padri akauliza maswali yake. Malachy alijibu kwa sauti ya mtu anayeita mabeki wenzake warudi nyuma, mpaka Padri akamwambia yupo karibu, anasikia.

Maji yalipomgusa kichwani, Dervla alipiga ukelele uliofika mpaka kwenye kengele. Malachy alimtikisa taratibu, akamnong'oneza kitu ambacho sikukisikia, na yeye akanyamaza, akashika tai yake.

Padri alipofunga kitabu, Enda alinyoosha mikono kumchukua binti yake.

"Ngoja kwanza," Malachy alisema, akigeukia upande wa pili na mtoto kifuani. "Wewe una kombe."